Hadi Moscow kwa miguu?

Shikamoo Mwalimu,

Naandika kutoka Voronezh, Urusi. Kwetu ni Morogoro. Nimekuja kusomea udaktari, na mwaka huu wa kwanza nipo podfak, yaani kitivo cha maandalizi, ambako tunasoma Kirusi asubuhi mpaka jioni pamoja na kemia na biolojia kidogo. Herufi zao nilizimudu ndani ya wiki mbili. Majina yenye jinsia tatu na hali sita nayo nimeanza kuzoeana nayo. Kinachonimaliza ni neno dogo kabisa: kwenda.

Huku "kwenda" si moja, Mwalimu. Kuna idti, kuna khodit, kuna yekhat, kuna yezdit, na kabla sijameza hizo nne nikaletewa poyti na poyekhat. Mwalimu wetu wa darasani alichora jedwali ubaoni, mishale huku, mishale kule. Nikalinakili, nikalikariri mpaka nikaliota usiku. Nikifungua mdomo tu, lote linayeyuka.

Mkasa wa kwanza. Likizo ya Januari nilitaka kwenda kumtembelea binamu yangu Moscow. Nikamuaga yule bibi anayekaa mlangoni mwa hosteli, wenyewe wanamwita vakhtyorsha: "Ya idu v Moskvu." Akashusha miwani, akaitazama miguu yangu, akalitazama begi, akatazama theluji nje. "Peshkom?" Kwa miguu? Alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha akaniamuru niketi kidogo kabla ya kutoka, maana ndiyo desturi yao mtu anaposafiri, nami nikaketi juu ya begi huku uso unawaka moto.

Mkasa wa pili ndio ulionitia aibu zaidi. Kijana mmoja wa darasani alikuja kumuulizia dada ninayeishi naye chumba kimoja, ambaye alikuwa ameenda dukani. Nikamjibu, "Ona khodila v magazin." Kijana akanishukuru, akavuta kiti, akakaa. Mimi nikashangaa anakaa nini, yeye anashangaa mwenyeji wake hatokei kwa nini. Tulitazamana robo saa nzima. Aliporudi yule dada na mifuko yake ndipo nikaelezwa kwamba nilichokuwa nimesema ni kuwa alikwenda dukani na ameshajirudia zamani.

Wa tatu: niliitwa jikoni wali unaungua. Nikakimbia koridoni nikipiga kelele "Prikhozhu! Prikhozhu!" nikidhani nasema naja, naja. Sasa kwa ghorofa nzima ndilo jina langu.

Mtihani wa mdomo ni Juni. Nimefika mahali nasema "Ya… magazin" na kunyoosha kidole kama mtoto, ili nisiguse kitenzi. Je, ni mimi ndiye mzito, au kuna njia? Na je, nizikariri jozi zote 14 zilizo kitabuni kwa mkupuo mmoja? La mwisho, kwa nini wanasema mvua "inakwenda"?

Wako, Prikhozhu.

*

Marahaba, mwanangu Prikhozhu.

Nitaandika maneno yao kwa herufi zetu ili wasomaji wengine nao wafaidi. Kh isome kama ya "kheri". Zh ni sh yenye mngurumo ndani yake. Muombe huyo bibi wa mlangoni akutamkie.

Na usimkimbie bibi huyo. Ni mwalimu wako wa pili, na hata halipwi kwa kazi hiyo. Kwa neno moja tu, peshkom, amekufunza nusu ya jedwali lako: Mrusi akisikia idti anaona miguu. Ukipanda gari, basi au treni, ni yekhat. Voronezh hadi Moscow ni zaidi ya kilomita 500, kwa hiyo hapo hakuna mjadala: "Ya yedu v Moskvu." Ndani ya mji mambo yanalegea. Ukienda sinema, kazini au kwa rafiki mtaa wa pili, unaweza kutumia idti na khodit hata kama ulipanda marshrutka, hizo daladala zao, maana hapo jambo kubwa ni sinema, si usafiri. Ila ukiutaja usafiri wenyewe umejifunga: ni yekhat.

Basi hilo la miguu na magurudumu utalizoea kabla theluji haijayeyuka. Linalowapiga chini watu wetu wote ni lile la pili, la kijana na kiti. Lilinipiga na mimi.

Nilisoma Leningrad mwanzoni mwa miaka ya 1980, kabla mji haujarudishiwa jina la Saint Petersburg. Jumatatu moja mwalimu akatuuliza tulifanya nini mwisho wa wiki. Nikainuka kwa kujiamini: "Vchera ya shol v kino." Nikakaa. Yule mama akaendelea kunitazama. Darasa kimya. "I?" akauliza. "Chto sluchilos?" Na? Kikatokea nini? Mimi sikuwa na zaidi. Nilidhani nimeshasema kwamba jana nilikwenda sinema. Kumbe nilikuwa nimesema, "Jana nilikuwa naenda sinema…", nikaishia hapo, na mama wa watu anangoja sehemu iliyobaki, kama niligongwa na tramu au nilimwona mtu.

Tangu siku ile nilianza kufuatilia Kiswahili changu mwenyewe, na ndicho kilichonitoa. Wewe umekuwa ukitafuta tafsiri ya "kwenda". Iache. Kwetu kitenzi ni kilekile siku zote, na kazi yote inafanywa na kile kisilabi kinachokaa mbele yake. Mrusi ameigawa kazi hiyohiyo kwa vitenzi tofauti. Kwa hiyo usisikilize "-enda", sikiliza kinachotangulia.

Mchukue huyo dada wa chumbani kwako. Kijana anauliza, "Yuko wapi?" Kwa Kiswahili ungejibu nini? Usingesema "Alikwenda dukani." Ungesema "Ameenda dukani", na kijana angejua hayupo, bado hajarudi. Hiyo -me- ndiyo poshla, umbo la poyti: "Ona poshla v magazin." Ameshika njia, ameondoka, huko aliko ndiko aliko. (Ungetaka kusema tu kwamba hayupo, kaondoka, bila kutaja anakoelekea, ingekuwa "Ona ushla.")

Jioni dada amerudi, mnakula, unamuuliza mbona mchana hukumwona. Anasema, "Nilikwenda dukani." Hapo safari imekwisha, mtu yuko mbele yako. Hiyo ndiyo khodila: "Ya khodila v magazin." Kipimo chake ni rahisi: kama unaweza kuiondoa "nilikwenda" ukaweka "nilikuwa" na maana isiharibike, sema khodila. Nilikwenda dukani, nilikuwa dukani. Nilikwenda kwa daktari, nilikuwa kwa daktari. Moscow je? Ulikwenda na treni ukarudi, kwa hiyo ni pacha wake wa magurudumu: "Ya yezdila v Moskvu."

Na shol yangu, ile idti ya wakati uliopita, ambayo kwako ni shla kwa sababu wewe ni mwanamke? Hiyo ni "nilikuwa naenda", ni mtu akiwa katikati ya njia. Ni lazima kitu kitokee njiani, la sivyo watu watakungoja kama nilivyongojwa. "Nilikuwa naenda sokoni, nikakutana na mwalimu." Kwa kifupi, anayesimulia bado yuko barabarani.

Kwa wakati uliopita, basi, una -me-, una -li-, una "nilikuwa na-". Tatu. Umezijua tangu huna meno.

Wakati uliopo una mtego wake, nao umetegwa na -na- yetu. "Naenda chuo." Ukiwa umesimama mlangoni na mkoba, maana yake sasa hivi. Ukiulizwa na jirani unafanya nini siku hizi, "naenda chuo" ni ya kila siku. Sisi hatujali, mazingira yanatueleza. Mrusi anajali sana: ya mlangoni ni "Ya idu v universitet", ya kila siku ni "Ya khozhu v universitet." Ukikwama, jaribu kuiweka sentensi katika hu-. "Kila Jumapili huenda kanisani." Imekubali? Basi ni khodit. Haikukubali? Ni idti. Na mtoto anayeanza kutembea, yule wa "siku hizi anatembea", naye ni khodit, kwa sababu haelekei popote, anazungukazunguka tu nyumba nzima.

Ya kesho utaipenda. Sisi tunasema "Kesho naenda kwa daktari" kwa -na- ileile ya leo, nao vilevile: "Zavtra ya idu k vrachu." Ukitaka "nitaenda" kamili, sema poydu. Usiseme "ya budu idti". Najua inakujia mdomoni, sote ilitujia.

Wataalamu wataniandikia kwamba kuna vighairi. Vipo. Mwalimu wako wa darasani akikutajia kimoja, kiandike, usibishane naye kwa kunitaja mimi.

Sasa jina lako jipya. Hapa kosa lilitoka mahali pengine. Kiswahili kinauliza upande: ukinisogelea unakuja, ukiniacha unakwenda. Mzizi wa idti hauna upande. Mama Mrusi akimwita mwanawe anasema "Idi syuda", ambayo ukiitafsiri neno kwa neno inakuwa "Nenda hapa", na wala haioni kichekesho. Ukiitwa jikoni, jibu ni "Idu!" Basi, silabi mbili, na wali utapona. Prikhozhu ipo, ni neno zuri, lakini haiwezi kabisa kuwa ya sasa hivi. Ni ya mazoea. Ulichopiga kelele koridoni ni kama "Mimi huwa nafika! Mimi huwa nafika!" Kusema kweli, na mimi ningecheka.

Kuna mtego mwingine ambao hukuuliza, ila nimeuona ukinyemelea kwenye barua yako. Ni ile -ni yetu ya mahali. Naenda shuleni, niko shuleni, natoka shuleni: shule haibadiliki hata kidogo. Kwao: idu v shkolu, ya v shkole, idu iz shkoly. Nyumbani vilevile, ukienda ni domoy, ukiwepo ni doma, ukitoka ni iz doma. Kila ujifunzapo mahali papya, jifunze na miisho yake yote mitatu kwa pamoja, kama watoto wa mama mmoja. Kwa mtu, Mungu amekuhurumia: unakwenda "kwa daktari", wao wanakwenda "k vrachu". Hiyo k yao na kwa yetu hazina undugu wowote, zimefanana kwa bahati tu, lakini mimi niliishikilia kama kamba kisimani na haijawahi kuniangusha. Kwa kwenda tu, lakini. Ukiwa tayari kwa daktari ni "u vracha".

Jozi 14? Hapana. Funga hilo jedwali. Chukua mbili tu, ya miguu na ya magurudumu, ukae nazo mpaka ziwe zako. Nyingine, kukimbia, kuruka angani, kubeba mkononi, kusafirisha kwa gari, zote zina tabia ileile: mmoja anakwenda upande mmoja, pacha wake anarudi au anazurura. Ukiwajua wazazi, watoto utawatambua kwa sura. Zile silabi za mbele nazo, pri- ya kufika, u- ya kuondoka, vy- ya kutoka nje, za- ya kupitia mahali mara moja, zichukue moja moja, na anza na hiyo ya kupitia maana utaihitaji kila siku: "Ya zaydu" ni "Nitapitia."

Na nataka ununue daftari dogo. Kila usiku andika sentensi tatu za kweli kuhusu miguu yako, si za kitabuni. Ulikwenda wapi leo ukarudi. Ulikuwa unaenda wapi ulipomwona fulani. Nani ameenda wapi na saa hizi hajarudi. Kesho yake ukipita mlangoni, msomee bibi hata moja. Ukikosea atakurekebisha, na akikurekebisha mbele ya watu wanaongoja funguo hutasahau maisha. Hii ya kunyoosha kidole na kusema "Ya… magazin" iache leo, tena leo hii. Kwenye mtihani wa mdomo, anayesema khodila mahali pa poshla amekosea kitenzi. Asiyesema kitu hajatoa kitenzi cha kusahihishwa.

Mvua inakwenda, ndiyo: "Dozhd idyot." Theluji inakwenda, wakati unakwenda, filamu inakwenda kwenye ukumbi wa sinema. Lakini kwetu saa ya ukutani nayo si inakwenda? Na mambo si tunaulizana yanakwendaje? Sisi tumeifanya mvua inyeshe tu, mengine tumeyaacha yatembee. Basi na treni nazo "zinakwenda" kwa idti, ajabu, wakati abiria aliye ndani yuko kwenye yekhat. Kwa hiyo ukiuliza kituoni: "Etot avtobus idyot do vokzala?" Basi hili linafika stesheni? Kwa wasomaji wetu wa pwani, mabaharia wao nao husema meli inakwenda, idyot, na kwamba wao wenyewe baharini wanakwenda, si kuelea. Ukiwaambia wanaelea wanakunja uso. Na siku mwenzako akikutazama ukiwa na kitenge akasema "Tebe idyot", usitazame mlango. Amesema kimekupendeza.

Nimebakiza moja, nalo nakupa kwa tahadhari. Poshli, kwa umbo, ni wakati uliopita: tumekwenda. Lakini rafiki yako akisimama akasema "Poshli!" maana yake ni "Twende!" Ya magurudumu ni "Poyekhali!", na hiyo ndiyo Yuri Gagarin aliyoisema tarehe 12 Aprili 1961 roketi ilipokuwa inaondoka naye kwenda angani. Alikuwa ndani ya chombo, kwa hiyo kitenzi kilikuwa sawasawa, hata bibi yako wa mlangoni asingemkosoa. Tahadhari ni hii: poshol au poshla usimtupie mtu usoni peke yake, kwa sauti ya amri. Hapo umemfukuza, tena vibaya. Jisemee mwenyewe tu. Unajua mtu wa kwetu anavyoaga, bado ameshika kitasa cha mlango, chai haijaisha, anasema "Haya, mimi nimekwenda zangu", na kumbe atasimama pale nusu saa nyingine? Warusi wana hiyohiyo, kwa wakati uleule uliopita, kwenye mlango uleule.

Nu, ya poshol.

Mwalimu